Maneno Matano Kwenye Bandeji

Wanjiku na Josué,

Mmeniomba niwaandikie namna ya kukiendesha chumba cha jezi sasa kwa kuwa nimestaafu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo lugha tuliyogombania pale chumbani tangu mje, Wanjiku akisema Kiswahili cha Kongo kimepinda, Josué akijibu kwamba cha Nairobi hakijawahi kunyooka. Ya pili, wakubwa wa klabu hawakisomi. Kwa hivyo nitasema kweli.

Vyeo sitavitaja. Nilianza nikiitwa msaidizi wa mtunza jezi, nikamaliza nikiitwa Mratibu Mwandamizi wa Mavazi ya Utendaji, na katikati ya majina hayo mawili soksi zilikuwa zilezile.

Nilifika Birmingham kutoka Machakos nikimfuata mke wangu, Mama Ndinda, aliyekuwa amepata kazi ya uuguzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya wazee kule Edgbaston, mtaa wa miti mikubwa na majumba yanayojificha nyuma ya ua. Niliwaosha na kuwavisha watu waliokuwa mahakimu na maprofesa. Huko nilijifunza kwamba akili inapoanza kumwacha mtu, haimwachi kwa kishindo. Inaanzia kwenye vifungo vya shati. Mzee anakuuliza ni saa ngapi, unamjibu, anakushukuru kwa adabu zote, kisha anakuuliza ni saa ngapi.

Kazi ya klabu niliipata kanisani, kama tunavyopata kila kitu. Mama mmoja wa kwaya alikuwa akisafisha ofisi za uwanja wa mazoezi, akasikia kwamba mtunza jezi anatafuta mtu asiyeogopa uchafu. Huyo mtunza jezi aliitwa Len, Mwingereza wa hapahapa, mfupi na mkavu kama hindi lililosahauliwa juu ya makaa. Ujana wake aliumalizia akifunga milango ya magari katika kile kiwanda cha Longbridge, kabla hakijageuzwa maduka. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alimwaga mezani soksi za mechi ya jana, bado mbichi.

"Nionyeshe nani ameumia," akasema.

Nikadhani ananitania. Akachukua jozi moja, akaigeuza ndani nje. Ya kushoto ilikuwa imelika kisiginoni, ya kulia ilikuwa kama imetoka dukani. "Huyu hakanyagi mguu wa kulia. Lakini amemwambia daktari yuko sawa. Wote huwa wako sawa, Mutiso. Ukimwuliza mchezaji unapata jibu. Ukizitazama nguo zake unapata habari."

Mengine aliyonifundisha Len mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu Josué ana tabia ya kusahau la kwanza. Matope hulowekwa kwa maji baridi. Maji moto huyapika matope yakaingia kwenye uzi, na hapo hata maombi ya mfungo hayayatoi. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse. Jezi ikilainika hainyonyi jasho. Katika kila safari beba jezi mbili za ziada zisizo na namba, kwa ajili ya damu. Na meno ya njumu yakazwe kwa mkono wako mwenyewe. Usimwamini mchezaji anayesema ameyakaza. Huyo atateleza mbele ya goli, na picha yake akiwa chali itazunguka dunia nzima huku wewe ukitafutwa.

Len alipostaafu, walikuja wataalamu wa kupunguza kazi, vijana waliovaa viatu bila soksi, wakaamua kwamba kufua si shughuli ya msingi ya klabu ya mpira. Nguo zetu zikapelekwa kwenye ghala moja la kufulia huko Washwood Heath. Ijumaa ya kwanza lori lilirudi na vitambaa vya meza vya harusi, vyeupe, vimepigwa pasi vizuri sana. Mahali fulani mjini humu bibi harusi alikata keki juu ya bukta za akiba. Mazoezi ya siku hiyo yalifanywa kwa fulana za matangazo ya mwaka uliotangulia. Mashine zangu zikarudishwa kimyakimya, na ripoti ikaandikwa kwamba mradi ulifaulu kwa njia isiyotarajiwa.

Sasa niwaambie habari za Ramiro, maana mmekuwa mkizisikia vipandevipande.

Ramiro alikuwa beki wa kati wa timu ya taifa ya Uhispania. Alitujia akiwa na miaka thelathini na minne, umri ambao beki huitwa mzoefu na wanaompenda na mzee na wanaolipia tiketi. Alizaliwa katika mji mdogo wa wachimba makaa kaskazini mwa nchi yao. Baba yake alikuwa mchimbaji, na kocha wake wa kwanza alikuwa fundi wa mabomba aliyefundisha jambo moja tu: mpira wa juu ni wako. Walipigiwa mipira ya juu kila jioni, wakiirudisha kwa vichwa, hadi mama zao waje kuwaita kula. Kutoka hapo akapanda timu moja baada ya nyingine. Akiwa na miaka ishirini na mitatu aliitwa timu ya taifa, akakaa benchi mashindano mazima, akarudi nyumbani akapokewa na bendi. Ya pili alicheza. Ya tatu alivaa kitambaa cha unahodha kwa dakika kumi na moja, nahodha mwenyewe alipoumia. Dakika hizo alinisimulia mara nyingi kuliko harusi yake.

Tulipatana kwa sababu ya njumu. Wachezaji wengine huziacha sakafuni kama nyoka anavyoacha gamba. Yeye alikuja mwenyewe chumbani kwetu siku ya kwanza, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akaanza kuzisugua. Aliniita Míster Mutiso. Baadaye nikajua kwamba kwao "míster" ni jina la kocha. Kocha wetu naye akajua, na hakufurahi.

"Beki mzuri haonekani," aliniambia. "Ukimwona beki kwenye gazeti, jua ameharibu."

"Kama mfua nguo," nikamwambia.

Akacheka mpaka akaangusha brashi. Tangu siku hiyo ndoo ile ikawa kiti chake.

Katika msimu wake wa pili, kwenye mechi moja ya mvua, alirukia kona pamoja na mshambuliaji wa wapinzani, vichwa vikagongana. Mlio ule niliusikia nikiwa benchi, kama kibuyu kimegongwa ukutani. Alilala kidogo, akaamka, akafungwa bandeji, akaendelea. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Nami nilipiga. Naliandika hilo kwa sababu nimeahidi kusema kweli.

Wiki iliyofuata aliingia chumbani akaniomba vikinga ugoko vyake.

"Umevivaa, Ramiro."

Akatazama miguu yake, akacheka. Nami nikacheka. Baada ya kama dakika kumi akarudi, akagonga mlango kwa adabu zote, akaniomba vikinga ugoko vyake.

Sikucheka.

Nikaanza kumtazama. Alikuwa akivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akisema taa za Waingereza ni kali, na mnajua wenyewe kama nchi hii ina shida ya mwanga mwingi. Njumu zake zikawa zinafungwa fundo juu ya fundo, kama mtu anayefunga gunia. Asubuhi moja aliniita Tomás. Nilimwuliza Tomás ni nani. Akasema ni mtunza jezi wa timu yake ya kwanza, aliyekufa zamani.

"Ramiro," nikamwambia, "nimelea wazee. Naijua hiyo njia. Mwambie daktari."

Akainuka akafunga mlango. "Míster Mutiso, sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo kocha wa Uhispania anakuja kunitazama. Mashindano ni kiangazi hiki. Nimebakisha haya tu. Nikiitwa, nacheza, namaliza, halafu naenda kwa daktari mwenyewe. Nakuomba kama ndugu."

Nikamwuliza mke wake, Nuria, anasemaje. Akasema Nuria haelewi mpira.

Hapa ni lazima niwaeleze Idara ya Ustawi ilivyokuwa, kwa sababu ninyi mmeikuta imeshapunguzwa. Ilikuwa na chumba kikubwa kuliko cha wachezaji, chenye viti laini vya rangi ya machungwa na jani moja kubwa kwenye chungu. Mkuu wake aliitwa Giles. Wachezaji walivaa vizibao vyenye kidude mgongoni, na mimi ndiye niliyevifua. Vilipima mbio, mapigo ya moyo, usingizi, na nadhani hata dhamiri. Kila asubuhi kila mchezaji alifungua simu yake na kubonyeza sura: inayolia, iliyonuna, au inayocheka. Ramiro alibonyeza inayocheka kila siku. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ndiyo iliyo karibu na kidole gumba.

Nilimwendea Giles, nikamweleza niliyoyaona. Alinisikiliza vizuri, akitikisa kichwa kama walivyofundishwa kutikisa. Kisha akanigeuzia skrini.

"Ramiro ni kijani, Mutiso. Unaona? Kijani tupu. Wiki tatu mfululizo."

"Giles, mtu huyo hakumbuki kama amevaa."

"Nashukuru sana kwamba unajali. Kwa kweli hicho ndicho tunachokitaka hapa, utamaduni wa kujali." Akaandika kitu. "Kuhusu vizibao, kuna malalamiko kwamba vinarudi na unyevunyevu. Unaweza kuliangalia hilo?"

Nikaliangalia hilo.

Daktari wa timu alikuwa Daktari Meera, mama mtulivu, mzaliwa wa Birmingham hii hii. Yeye hakunipuuza. Aliniambia kwamba tangu vichwa vigongane amempima Ramiro mara tatu. Anamsomea maneno matano, yaleyale kila mara, wanazungumza mengine kwa dakika chache, kisha anamwomba ayarudie. Ramiro aliyarudia yote, mara zote tatu, bila kukosea.

"Labda ni uchovu, Mutiso," akasema. "Ila ukiona kitu cha kushika mkononi, niletee."

Alhamisi kabla ya ile mechi nilikuwa nikichambua nguo za mazoezi kabla ya kuzitia mashineni. Nilishawaambia, bandeji zisiingie mashineni, zinaziba bomba. Nikaikuta ya Ramiro, ile anayofunga kifundo cha mkono wa kushoto, imejikunja ndani ya soksi. Nilipoinyoosha niitupe, nikaona wino upande wa ndani. Maneno matano ya Kiingereza, kwa herufi ndogondogo, jasho limeyavuruga lakini yanasomeka. Ngazi. Sabuni. Kobe. Shaba. Mto.

Nikakaa kwenye ile ndoo.

Siku hiyo nilitoka kazini mapema. Nyumbani kwetu Longbridge nilimkuta Mama Ndinda akijiandaa kwenda zamu, nikaiweka bandeji mezani. Aliisoma bila kuigusa.

"Anadanganya test," akasema.

"Ananiamini, Mama Ndinda. Ameniita ndugu. Mtu anataka mashindano yake ya mwisho, mimi ni nani nimnyime? Mimi ni wa kufua."

"Baba Ndinda, wewe ni wa kufua, na hii umeitoa wapi? Si kwa nguo chafu?" Akachukua mkoba wake. "Mimi nimewaona hao wakiletwa ward baada ya kugongwa mara ya pili. Ya kwanza mtu anatembea. Ya pili anabebwa. Ukinyamaza, Jumamosi ukimwona amelala pale, utaniambia nini nikikuuliza?"

Hata hivyo Ijumaa nikaenda na bandeji mfukoni na kurudi nayo mfukoni. Wanjiku uliwahi kuniuliza kama nimewahi kuogopa kazini. Niliogopa siku hiyo nzima, nikikunja taulo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Jumamosi asubuhi nilimtangulia Daktari Meera mlangoni pake. Nilimpa ile bandeji. Akaisoma, akaisoma tena, uso ukambadilika. Akasema, "Yuko wapi?"

Alikuwa chumbani kwetu, juu ya ndoo yake, akisugua njumu ambazo nilikuwa nimeshazisugua. Juu, viti vya wageni vilikuwa tayari, na kimoja kilikuwa na jina la kocha wa Uhispania. Daktari Meera alikaa juu ya kikapu cha nguo, akamwambia wafanye kipimo kifupi tu, kama kawaida. Mimi nikataka kutoka. Akaniambia nibaki.

Alimsomea maneno mapya. Mtungi. Ng'ombe. Uzi. Dirisha. Pilau. Kisha akamwuliza habari za mji wao, na Ramiro akamweleza vizuri kabisa: baba yake, mgodi, fundi wa mabomba, bendi iliyompokea kituoni. Nilianza kufikiri nimekosea. Nikaanza hata kuomba Mungu niwe nimekosea.

"Sasa niambie yale maneno," daktari akasema.

Ramiro akanyoosha mgongo, akatabasamu kama mtoto anayejua aya yake ya kumbukumbu.

"Ngazi," akasema. "Sabuni. Kobe. Shaba. Mto."

Mashine ya kukausha ilikuwa ikizunguka. Akatutazama mmoja mmoja, tabasamu bado lipo, akisubiri kupongezwa. Kisha akaiona bandeji mkononi mwa daktari, na nikamwona akielewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Hakumwangalia daktari. Aliniangalia mimi.

"Wewe," akasema. Hakuniita Míster.

Akavua jezi, akaikunja vizuri, akaniwekea juu ya mashine, akatoka kifua wazi kwenye baridi ile.

Hakucheza. Kocha wa Uhispania aliangalia kipindi cha kwanza, akanywa chai yetu, akaondoka. Ramiro alipelekwa hospitali, wakampiga picha za kichwa, wakamwambia mpira basi. Si mapumziko ya mwezi, basi kabisa. Klabu ilitoa taarifa siku ya tatu. Ilisema kwamba kutokana na mfumo wake wa kisasa wa kufuatilia afya, Idara ya Ustawi iliweza kuitambua hatari mapema. Giles akaalikwa kwenye mkutano wa ustawi akatoe hotuba, akarudi na kioo kilichochongwa kama jani. Mimi nilipewa barua ya kunikumbusha kwamba vifaa vya matibabu vilivyotumika, zikiwemo bandeji, havitakiwi kutoka nje ya kiwanja.

Kwenye sherehe ya kumuaga Ramiro walimpa jezi yake ndani ya fremu. Niliipiga pasi mimi. Alisalimiana na kila mtu, pamoja na yule mtu aliyevaa mavazi ya nembo ya klabu, mwenye kichwa kikubwa cha manyoya. Aliponifikia mimi akapita.

Miezi saba sikusikia lolote. Nilikuwa nimeshazoea. Kisha Jumapili moja baada ya ibada Nuria akanipigia simu, akauliza kama wanaweza kuja kututembelea Longbridge. Walikuwa hawajahama, watoto walikuwa na shule. Mama Ndinda alipika chapati kama zinazohitajika kwa mazishi. Ramiro aliingia akiwa amenenepa kidogo, bila miwani ya jua. Akakaa, akaishika chai kwa mikono miwili.

"Maumivu ya kichwa yameisha," akasema. "Karibu yote. Maneno, mengine yanarudi, mengine hapana. Nimejizoeza kuandika." Akaweka kikombe mezani. "Nilikuchukia, Míster Mutiso. Nataka ujue. Kila siku, nikiamka tu."

"Najua."

"Nuria alikupenda tangu siku ya kwanza."

"Mimi sielewi mpira," Nuria akasema, na Mama Ndinda akacheka mpaka akamwaga chai kwenye kitambaa.

Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Alikula chapati nne.

Kiangazi kile tulimwalika kwenye pikiniki ya kanisa, pale bustanini, siku ya mechi ya akina baba wa Kenya na akina baba wa Kongo. Mlikuwepo. Mnakumbuka jinsi upande wa Kenya ulivyofurahi kupata beki wa timu ya taifa ya Uhispania, na jinsi Wakongo walivyolalamika kwa Kifaransa, Kiswahili na Kilingala kwamba huo si Ukristo. Mnakumbuka alivyocheza, akitembea tu, akinyoosha mguu mara moja moja, na mpira unaishia pale kwenye mguu kama mbwa aliyeitwa. Ila hamkuwa mahali nilipokuwa mimi, kando ya uwanja, karibu na Nuria aliyekuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa.

Dakika za mwisho, bila kwa bila. Josué, wewe ndiye uliyepiga ile kona, na ulipiga vizuri, ubarikiwe. Mpira ulipanda, ukainama kuelekea langoni kwetu, ukimwendea Ramiro kwenye paji la uso, sawasawa kabisa. Ni ule mpira aliokuwa amepigiwa tangu utotoni mpaka mama yake aje kumwita kula. Nilimwona akikunja magoti. Nilimwona visigino vikiinuka. Nuria aliacha kumimina.

Kisha visigino vikarudi chini. Ramiro akageuza uso pembeni, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mpira ukapita juu ya sikio lake, ukampiga pasta wa Wakongo kwenye goti, ukaingia.

Wakongo wakaanguka nyasini wakiimba. Wakenya wakanigeukia mimi, wote kumi.

"Mutiso! Huyu mzungu wako ametuuza!"

Nuria akaweka chupa ya chai chini, akasimama, akapiga makofi peke yake upande wetu sisi tuliofungwa.